Sauti Iliyoombewa Msamaha

Wiki niliyostaafu na kukabidhi funguo za kabati langu, vijana wa ofisini mlinijia mmoja mmoja mkiuliza swali lilelile kwa kunong'ona: ile habari ya Mbulu ni ya kweli? Nikasema nitaiandika, kwa sababu nikiisimulia kwa mdomo mtacheka mahali pasipofaa. Basi naandika. Vyeo sitavigusa, na mshahara mnaujua, maana ndio huohuo mnaoulalamikia sasa.

Niliingia ofisi ya ushindani wa biashara nikiwa binti wa Endagikot, kule Mbulu, mwenye cheti kizuri na koti baya. Siku ya kwanza nilipokewa na Bwana Kapinga, mkuu wa uchunguzi, mtu mrefu aliyeongea polepole kama anayepanda ngazi. Hakunipa kiti. Alinituma sokoni nikaulize bei ya nyanya kwa kila muuzaji. Nikarudi mbio, nimefurahi: bei ni moja soko zima, wamepanga!

"Au wamesikiana," alisema. "Kusikiana si kosa, binti. Kosa ni kukubaliana. Rudi ukanitafutie tofauti."

Nilirudi, na kwa kweli sijamaliza kuitafuta mpaka leo. Ila alinipa kanuni iliyonisaidia katika mashauri mengi ya saruji, ya mabasi na ya mikate: kila makubaliano yana mtu aliyefungua mdomo kwanza. Mtafute huyo, wengine watakuja wenyewe. Alinifundisha pia kuandika kwa penseli, kwa sababu penseli haigomi kwenye baridi, na kutembea na karanga mfukoni. Usile kwa mtu unayemchunguza, alisema, hata akikupa maji. Karanga hizo zimenivunja jino, lakini hazijawahi kunivunjia shauri.

Baadaye nilihamishiwa dawati la misamaha. Jina hilo limeniletea taabu. Jirani yangu mmoja alidhani nasamehe kodi, akaniletea kuku. Kumbe kazi yenyewe ni kavu kuliko makapi. Sheria inakataza washindani kukaa pamoja na kupanga bei. Lakini sheria hiyohiyo imeacha mlango mdogo nyuma ya nyumba: kama makubaliano yanaleta faida kubwa kwa umma kuliko madhara yake, Serikali inaweza kuyaondoa katika katazo hilo, kwa muda maalumu na kwa masharti. Sisi tunachunguza na kushauri, Waziri anaamua, tangazo linatoka kwenye Gazeti la Serikali. Ni mamlaka makubwa kuliko yanavyoonekana. Jambo lililokuwa kosa Jumatatu, Jumanne si kosa, na watu ni walewale na jambo ni lilelile.

Ombi la Mbulu lililetwa na kikundi cha wakulima wa vitunguu saumu wa kijiji kimoja cha juu, ukitoka mji mdogo wa Daudi kuelekea ukingo wa bonde la Yaeda. Waliomba waruhusiwe kuuza kwa bei moja. Siku hizohizo likaja lalamiko la mfanyabiashara wa Dongobesh, Bwana Hamisi, akisema wakulima hao wanauza kwa bei moja tayari, miaka mingi, na ofisi imelala. Faili zote mbili ziliwekwa mezani kwangu kwa sababu nilikuwa mtu wa kule na lugha ya nyumbani sijaisahau. Mwanasheria wetu alitania kwamba huo ni mgongano wa maslahi. Nilimwambia nyumbani kwetu tunalima mahindi, na yeye alikuwa anakula vitunguu saumu kila siku, tena karibu nami.

Nilipewa gari na dereva, Bakari, mzaliwa wa Tanga, aliyevaa sweta mbili kuanzia Babati. Tulifika msimu wa ukungu. Ninyi ambao hamjakaa kule mfahamu kwamba ukungu wa Mbulu haushuki kutoka juu. Unapanda kutoka bondeni, unavuka ukingo, unaingia mashambani ukitambaa chini, na ng'ombe aliyesimama unamwona mgongo bila miguu. Nyumba za kule hazikai pamoja. Kila moja ina mgongo wake wa mlima, na kati ya jirani na jirani kuna bonde. Tangu utoto wangu watu wa kule huitana kwa sauti kutoka mgongo mmoja hadi mwingine. Mama yangu alikuwa akiniita hivyo nirudi na kuni, na nilijua amekasirika kiasi gani kabla sijajua anasema nini.

Asubuhi ya kwanza tulisimama barabarani, mimi na Bakari, tukisubiri mwenyekiti wa kikundi, mzee aliyeitwa Safari. Ukungu ulikuwa mzito na hakuna kilichosogea. Ndipo nikasikia mtu akiita. Ilikuwa sauti ya mwanamume, neno moja tu, limevutwa kwa urefu: bei ya kilo, kwa lugha yetu. Halafu mgongo wa pili ukaipokea, sauti ya mwanamke. Kisha wa tatu, mbali zaidi. Neno likazunguka pembeni mwetu mpaka likapotea. Bakari hakujua maana yake, lakini aliingia garini akapandisha vioo.

"Huyo aliyeanza ni nani?" nilimwuliza Mzee Safari alipofika, baada ya shikamoo.

"Nani?"

"Aliyeita bei."

"Ee, bei imeitwa," alisema, kama mtu anayekubali kwamba jua limetoka. "Sisi tunapokea tu. Inatoka upande ule."

Nikavaa buti nikaenda upande ule. Hii ndiyo kazi, vijana: buti. Nilishuka bonde, nikapanda mgongo wa pili, nikamkuta mama anapalilia. Akaniambia wao wanapokea kutoka mgongo wa mbele. Nikaenda mbele. Wa mbele wakanielekeza mbele zaidi. Kila niliyemfikia alinijibu bila kusita, bila kukwepa macho, na nilikuwa nimeshazoea waongo kiasi cha kuwajua kwa harufu. Hawa hawakuwa waongo. Mchana ulipopita nilifika mgongo wa mwisho, nikawauliza wao wanapokea kutoka wapi. Wakanionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya bonde. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Niliona gari letu, na kando yake Mzee Safari amesimama anasubiri.

Nilikaa kwenye jiwe nikala karanga. Makubaliano yalikuwa mbele yangu, mazima, yakizunguka kama ng'ombe wa kupura ngano, na hayakuwa na mtu aliyefungua mdomo kwanza.

Nilimtafuta Bwana Hamisi ofisini kwake Dongobesh. Nilitarajia mtu wa kelele. Nikakuta mtu mpole, mwenye hoja, aliyeniambia kwamba yeye ana watoto wa kusomesha na hawezi kununua mahali ambapo bei haijadiliwi. Nilimwuliza kama wanunuzi nao hawajapanga bei yao. Akasema huwa wanakunywa chai pamoja. Nikaandika: chai. Nilipomwuliza anamshuku nani kuwa ndiye mwita bei, alinisogezea bakuli la kashata.

"Dada yangu, hicho ndicho ninachotaka ofisi yako inisaidie. Mimi nimeisikia. Nimeisikia nikiwa ndani ya lori, vioo vimefungwa, injini inanguruma. Nilimwuliza taniboi, yeye hakusikia kitu." Alicheka, lakini hakunitazama. "Kama ni mtu, nipeni jina lake nikae naye tuongee. Kama si mtu, basi niambieni nisilete lori tena huko."

Mtaona kwamba sikula kashata, na ninazipenda sana.

Kuna jambo ambalo sheria inataka tulipime kabla ya yote: je, asiyetaka bei ya kikundi yuko huru kuuza kwa bei yake? Kama anaadhibiwa, msamaha hakuna. Mzee Safari mwenyewe alinipeleka kwa mtu aliyewahi kuuza chini, Mathayo, mwanamume wa makamo mwenye shamba zuri kuliko yote niliyoyaona. Nilimwomba Safari akae mbali, nikamwuliza Mathayo walimfanya nini.

"Hakuna kitu mama. Hata neno hawakuniambia. Niliuziwa mbegu kama kawaida, msiba wangu walikuja wote."

"Basi mbona bei ya kikundi sasa unaifuata?"

"Naifuata kwa kuuliza. Natuma mtoto kwa jirani, kila asubuhi." Aliangalia ukungu nyuma yangu. "Tangu siku ile niliyouza chini, sauti siisikii tena, mama. Wenzangu wanasikia, hata mgeni kama wewe unasikia. Mke wangu analala hapa ubavuni, anasikia. Kwangu mimi ni ukungu tu."

Nilimwuliza kama ana tatizo la masikio. Akasema alipimwa hospitali ya Haydom na masikio ni mazima. Niliandika: hakuna adhabu. Nikaisoma mara mbili, na penseli ikabaki hewani, kwa sababu uso wa yule mtu ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa kwao.

Mtu wa kwanza kutia sahihi kwenye ombi alikuwa Bibi Emiliana, na nyumba yake, ambayo sikuifikia siku ile ya buti, ndiyo ya mwisho kabla ya ukingo. Baada yake hakuna nyumba, kuna nyasi na kisha hakuna kitu, bonde la Yaeda linaanzia chini huko na mtu akitupa jiwe hasikii limefika. Nilimkuta anasuka kamba za vitunguu mlangoni. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba mwanangu, akaniwekea uji wa mtama kwenye kibuyu.

"Siruhusiwi, mama. Mpaka shauri liishe."

Aliumia. Kwetu kukataa uji wa mama mzee ni kumtukana, na mimi nilijua hivyo kuliko mtu yeyote wa ofisi ile. Nikamweleza kanuni ya Bwana Kapinga. Alisikiliza, akafunika kibuyu kwa sahani, akasema kitanisubiri.

Kisha alinieleza habari ya mumewe. Mzee Hando ndiye aliyeanza kuita bei, zamani, baada ya wanunuzi kuwazoea wakulima vibaya, kila mmoja akidanganywa kwamba jirani yake ameuza chini. Alisimama ukingoni asubuhi akaita bei yake ili majirani wajue ukweli, basi. Wakaipokea. Ikawa desturi yao. Wanunuzi walijua ni yeye, na yeye hakujificha. Siku moja kukawa na mkutano, akaja mtu mmoja mwenye suti ambaye kijijini hakuna aliyejua anatoka ofisi gani, na hata mimi nilipokwenda kutafuta sikumpata katika ofisi yoyote. Mtu huyo alisimama mbele ya watu akasema kupanga bei ni kosa la jinai, na mkuu wa wahalifu hao ni Hando, na Hando ataozea jela.

"Hakuwahi kuiba hata kuku wa mtu," Bibi Emiliana alisema. "Alirudi hapa, hakula. Akaniuliza, Emiliana, mimi ni mhalifu? Mimi nilisoma wapi, mwanangu? Nilimwambia sijui. Asubuhi ukungu ulikuwa kama huu. Alichukua fimbo yake akatoka. Fimbo tuliikuta imesimama pale mwisho, imechomekwa. Yeye hatukumkuta. Wanaume walishuka mpaka chini kabisa, hakuna mtu, hakuna nguo. Kaburi sina."

"Na sauti?"

"Tulinyamaza wote, tulikuwa tunaogopa. Halafu msimu uliofuata ikaita." Alinyoosha uzi wa kamba kwa meno. "Wewe unatafuta jina lake. Jina lake si unalo sasa?"

Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa joto, wenye harufu ya vitunguu.

"Mimi bei hainisumbui, nakula kidogo. Nilitia sahihi kwa ajili ya lile neno, mhalifu. Nataka Serikali iseme si kosa. Isiseme kwangu, iseme na yeye asikie. Amekaa huko nje na lile neno miaka yote."

Sasa mmejua nilichobeba kurudi nacho. Ofisi ikikataa, watu wale wangerudi kudanganywa mmoja mmoja, na hilo lingeniuma. Lakini zaidi ya hayo, mwanamke mmoja angejibiwa swali la mumewe, na jibu lingekuwa: ndiyo, alikuwa mhalifu.

Kabla ya kuondoka nilirekodi. Nilisimama uwanjani kwa Bibi Emiliana, simu mkononi, yeye kando yangu na ufagio. Sauti iliita kutoka ukingoni, karibu kiasi kwamba nilirudi nyuma. Migongo ikapokea. Tulipofika Babati nilimsikilizisha Bakari. Kuna kengele ya ng'ombe, kuna pumzi yangu, kuna ufagio, halafu kimya, halafu mgongo wa pili unapokea, wa tatu unapokea. Lile la kwanza, la ukingoni, halimo. Wataalamu wetu wa mitambo walisema simu ilikuwa ya bei rahisi. Ilikuwa kweli ya bei rahisi. Tangu siku ile Bakari hakuniomba tena nimsikilizishe kitu.

Kikao cha ofisini kilikuwa kirefu. Mwanasheria alisoma taarifa yangu, akafika kwenye kipengele cha nani anaamua bei na kwa namna gani. Niliandika: bei huitwa kwa sauti asubuhi za msimu, kutoka upande wa ukingo, kila mkulima yuko huru kuifuata au kuiacha.

"Nani anaita?" aliuliza.

"Sikumpata."

"Hatuwezi kumsamehe mtu asiyejulikana. Andika jina."

Jina nilikuwa nalo. Lakini ningeandika nini? Marehemu? Hakuna aliyemzika. Mkulima? Hana shamba. Na kama ni mtu hai, jirani mmoja mwenye kifua kizuri anayejificha kwenye ukungu, basi anajificha kwa sababu aliyetajwa kabla yake alipotea. Nilisema hapana, na nikaeleza. Msamaha hautolewi kwa mtu. Unatolewa kwa makubaliano, na unamfunika kila atakayeyatekeleza tangu tarehe ya tangazo, awe nani, awe wapi. Sheria ndivyo ilivyo. Haitaki jina, mazoea yetu ndiyo yanayotaka. Bwana Kapinga, aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alikuwa amekaa pembeni. Alisema polepole kwamba katika maisha yake yote hajawahi kuona makubaliano yasiyo na mtu wa kwanza, na angependa kuyaona kabla hajaondoka. Ushauri ukaenda kwa Waziri kama nilivyouandika.

Ulikubaliwa, kwa muda maalumu na kwa masharti: kila mkulima aendelee kuwa huru, na bei iweze kusikiwa na mnunuzi yeyote. Hilo la pili lilimtoa kijasho mwanasheria. Mimi nililiona linatimizwa tayari, na Bwana Hamisi ni shahidi.

Nilipeleka nakala ya tangazo mwenyewe. Mara hiyo Bakari alivaa sweta tatu. Ukungu ulikuwa uleule, na Bibi Emiliana alikuwa mlangoni kana kwamba sikuwahi kuondoka, ila amepungua, mifupa ya mikono imeonekana. Nilimsomea tangazo lote kwa Kiswahili, kisha kwa lugha yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na siku za nyuma?" aliuliza. "Siku zake?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa njia nzima. Msamaha hauangalii nyuma. Unaanza siku ya tangazo, na yaliyotangulia unayaacha kama yalivyo, kosa likabaki kosa. Nilimwambia hivyo. Sikutaka kumdanganya mtu aliyengoja kiasi kile. Aliinamisha kichwa, na vidole vyake vikaacha kusuka.

"Kwa hiyo yeye hayumo."

Bondeni ukungu ulikuwa unavuka ukingo, unakuja. Nilisoma tena ule mstari kichwani: kila atakayeyatekeleza tangu tarehe ya tangazo. Nilijua nitakachouliza, na nilijua kwamba nauliza kama ofisa wa Serikali.

"Mama, leo asubuhi bei imeitwa?"

"Imeitwa."

"Nani ameita?"

Alinitazama, akaelewa.

"Hando."

"Basi yumo," nilisema. "Kwa sheria. Hana kosa."

Alisimama bila kunishika. Akatoka mpaka katikati ya uwanja, mwanamke yule mdogo aliyekonda, akajaza kifua, akaita kuelekea bondeni, neno moja refu kwa lugha yetu, lenye maana kwamba huna kosa. Mgongo wa pili ukalipokea, bila kujua ni la nani. Wa tatu ukalipokea. Likaenda likizunguka ndani ya weupe ule, mbali, hafifu, mpaka nikadhani limekwisha. Kisha likarudi kutoka ukingoni, upande usio na nyumba, karibu sana, kwa sauti ya mwanamume.

Barabarani nilisikia vioo vya gari vikipanda. Bibi Emiliana alirudi ndani akifuta macho kwa kanga, akachukua kibuyu akanimiminia uji, na safari hii niliunywa wote.